Hamyani Isiyojua Sindano

Mama yangu alikuwa na jina mjini, na jina lenyewe alilipata kwa kitu ambacho hakikuwepo. Ukisimama Kiponda ukauliza, "Nyumba ya bibi anayefuma hamyani ni ipi?" mtoto yeyote angekushika mkono akakuleta mpaka mlangoni petu. Nasema miaka ya hamsini, kabla siasa hazijaingia mabarazani zikagombanisha watu na majirani zao. Wakati huo wanaume wengi wa Unguja waliokwenda Hija hawakupanda meli kabla hawajapanda ngazi zetu.

Hamyani ni mkanda wa kiunoni wenye uwazi ndani, wa kutilia fedha na karatasi za safari. Fundi yeyote wa cherahani angeweza kukushonea ukasubiri palepale. Ya mama haikushonwa. Aliifuma tabaka mbili kwa pamoja, moja juu ya mwenziwe, zikaungana kingoni kwa uzi uleule wa kufumia, ikatoka mikononi mwake mfuko kamili bila sindano kuigusa. Hilo ndilo watu walilolifuata. Mwanamume akishahirimia, yaani akishatia nia ya Hija, huvaa shuka mbili zisizoshonwa, basi. Watu wakaona, kama shuka hazina mshono, na mkanda unaozishika usiwe na mshono. Mama aliyasikia maneno hayo kwa bibi yake aliyezaliwa Maskati, na kazi yenyewe akafundishwa na bibi huyohuyo, na hakupata hata siku moja kulitenganisha neno na kazi.

Alifumia chumbani kwake, kwenye dirisha lenye mwangaza. Mtande, yaani zile nyuzi ndefu, aliufunga ncha moja kwenye nondo za dirisha na ncha ya pili kiunoni mwake, kisha akakaa kitako juu ya mkeka na kuegemea nyuma ili nyuzi zikazane. Nyuzi zilikuwa safu mbili. "Hii nyumba ya ghorofa," alikuwa akiniambia. "Wapo wa juu, wapo wa chini, na ngazi ziko pembeni tu. Uzi wa kupitisha unatembea juu mpaka ukingoni, unashuka, unarudi kwa chini, unapanda ukingo wa pili. Katikati haukatizi. Ukikatiza, umepigilia dari na sakafu pamoja, na mfuko umeziba."

Nilipokuwa msichana alijaribu kunifundisha kwa nyuzi za rangi mbili, nyeupe juu na nyeusi chini, ili nikikosea kosa lionekane. Lilionekana, wallahi! Hamyani yangu ilikuwa na madoa kama kanga. Mie na kazi ya kukaa kitako hatupatani, nina mdomo na nina miguu, vyote viwili vinawasha. Mama akachoka nami, akauweka ule uzi mweusi kwenye kikapu chake na hakuutumia tena, maana hamyani ya haji ni nyeupe kwa nyeupe. Hapo kosa hulioni kwa macho. Dawa yake ni chelewa: ukimaliza unachomoa chelewa moja kwenye ufagio mpya, unaipitisha ndani ya hamyani kutoka ncha hadi ncha. Ikipita, salama.

Kila mteja alipokuja kuchukua yake aliuliza swali moja, ilikuwa desturi. "Haijui sindano?" Na mama akajibu, "Haijui." Ndipo mtu akanyoosha mkono akaipokea.

Sasa nimtaje mtu wa Chwaka, kwa sababu bila yeye haya mengine yote yangekuwa mchezo tu. Alikuwa mchoma chokaa, mtu mzima, vidole vyake vyeupe hata akishanawa. Alikuja msimu mmoja amechelewa, meli imekaribia, na mama ana kazi za watu mpaka shingoni. Alisimama ukumbini ameshika kofia yake mkononi.

"Bi, nami n'na safari mwaka huu, inshallah."

"Umechelewa, baba. Hata nikifuma mchana na usiku haitawahi."

"Na ya kushona je? Pale Darajani yupo fundi amesema atanishonea leo hivi."

Mama hakunyanyua hata macho. "Ya kushona haifai. Utakwenda mbali kote huko kwa ajili ya kuharibu?"

Yule mtu akafikiri. Kisha akasema basi atangoja mwaka wa pili, aende kwa utaratibu, na akamwomba mama amuweke wa mwanzo. Mama akafurahi naye. Alipoondoka alisema, "Huyo ndiye anayejua anakokwenda." Kabla mwaka haujatimia ikaja habari kwamba mchoma chokaa amekufa kwa homa. Mama akasoma Fatiha, akasema Mungu hakumjaalia, na hamyani yake aliyokwisha kuianza akamuuzia mtu mwengine. Nami nilikuwapo, na mimi pia nilisema hivyohivyo.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya baba.

Baba alikuwa fundi wa kufuli, ana kibanda chake Mchangani. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na wasiwasi wa ibada, na aliyekaa nyumba moja na mtu wa namna hiyo ananielewa. Akitia udhu, mguu mmoja ulimaliza birika zima. Anaosha, anatazama, anaosha tena. Mama alikuwa akimwambia kutoka jikoni, "Bwana, huo mguu au gati?" Akisali sunna nyumbani, alihirimia kwa takbiri akarudia, akahirimia akarudia, mpaka sisi tuliokuwa nje tukawa tunamwombea aipate. Na kufuli vilevile: akishafunga kibanda anakwenda hatua mbili, anarudi, anaitikisa. Basi mtu kama huyo ndiye aliyekuwa akienda Hija, safari aliyoitamani tangu ujana wake, na mama alijua kwamba akiwa na shaka ya kitu kidogo tu, shaka hiyo itamla huko mpaka arudi hajui kama amehiji au amekwenda kutembea. Ndiyo maana hamyani ya baba haikuwa kazi kama kazi nyingine. Alinunua uzi mzuri kuliko wote dukani kwa Mhindi, akautazama uzi mmojammoja kwenye mwanga.

Na mimi nikamharibia. Sikutaka, lakini ndiyo hivyo.

Nilikuwa nimeolewa Bububu, na mimba yangu ya kwanza ilipokomaa nikarudi kwa mama kujifungulia, kama ilivyo ada. Nikapata uchungu mgumu. Mama akafungua mkanda wa kiunoni, akauacha mtande unaning'inia dirishani, akaja kukaa kichwani kwangu na mkunga. Nilipojifungua, mtoto wa kike, mzima alhamdulillahi, nilikuwa sina nguvu ya kunyanyua kikombe. Mama akakataa mtu mwengine asinishughulikie. Yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto, yeye aliyepika uji wa pilipili manga, yeye aliyemuogesha mtoto. Nililazwa chumbani mwake, palepale penye dirisha, basi nilimuona kila alilolifanya.

Mtoto akilala, mama anajifunga mtande kiunoni anafuma. Mtoto akilia, anajifungua ananyanyuka. Nami nilikuwa nimeanza kupata nafuu, na nafuu yangu ilikuwa ya kudeka: mama, maji. Mama, nigeuzie mto. Mama, mbona jua linanipiga. Na kila alipojifungua mtande ulilegea, na ukilegea nyuzi za chini huinuka zikaingiliana na za juu. Alikuwa akizipanga upya kwa vidole kabla ya kuendelea. Lakini mtu aliyekesha na mjukuu mchanga, na mwanawe mkubwa naye anaita kila dakika, atapanga mangapi? Nilimuona siku moja amesinzia na uzi mkononi. Nikamwita hivyohivyo.

Alimaliza alasiri ya siku moja kabla ya safari. Baba alikuwa ametoka, anazunguka mitaani kuwaaga watu na kuwaomba radhi, maana haji haondoki na kinyongo cha mtu nyuma yake. Mama aliikata hamyani kutoka kwenye nyuzi, akachomoa chelewa, akaitia.

Chelewa ikakwama.

"Ala!" alisema mama. Akaitoa, akaitia kwa ncha ya pili. Ikakwama mahali palepale, karibu na mdomo wa kutilia mkono.

Aliigeuza, akaibinyabinya. Tabaka zilikuwa zimeshikana mapana ya kiganja. Kufumua mpaka hapo ilikuwa kufumua kazi ya siku nyingi, na meli ilikuwa inaondoka kesho yake. Akachukua wembe. Aliingiza vidole kwenye mdomo wa hamyani, akaanza kukata zile nyuzi zilizokatiza, polepole, moja moja, mkono ndani na macho juu kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Mtoto akalia. Mama akashtuka kidogo tu, na wembe ukapita. Alipoutoa mkono, tabaka ya ndani, ile inayolala mwilini, ilikuwa na tundu, dole gumba linapita.

Aliiweka mapajani, akatazama dirishani. Mimi ndiye niliyesema.

"Ishone, mama."

"Astaghfirullahi. Wajua unalolisema?"

"Fedha zitamwagika njiani, nalo litakuwa jambo gani? Ishone. Liko upande wa ndani, hataona."

"Mungu haoni?"

Nje tukasikia mtu anamsalimu baba pale chini, na baba anaitikia. Mama akainuka haraka, akafungua kikapu, akatoa sindano na uzi mweupe. Tundu la sindano alikuwa halioni. Akajaribu, akajaribu. Mwishowe akaniletea kitandani, akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikautunga uzi, nikampa. Akalishona lile tundu mishono midogo mno, akakata uzi kwa meno, na baba alipoingia chumbani sindano ilikuwa imeshachomekwa kwenye upindo wa kanga yake.

Baba alikuwa ametoka kuomba radhi mtaa mzima. Macho yake yalikuwa mekundu. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda akaniambia mimi nimsamehe, na mimi mtoto wake niliyemsumbua toka kuzaliwa, nikalia. Kisha akamgeukia mama.

"Mke wangu, tumekaa miaka mingi. Kama n'na kosa kwako, nisamehe."

"Nshakusamehe, bwana. Na wewe nisamehe."

"Wewe? Wewe huna kosa."

Akanyoosha mkono, mama akampa hamyani. Baba akaitazama, akatabasamu. Akauliza lile swali kama wateja wote, nusu kwa mzaha. "Haijui sindano?"

Nilimtazama mama. Ile sindano iliyokuwa kwenye upindo wake niliiona inamemeta.

"Haijui," alisema mama.

Baba akaondoka asubuhi. Watu walimsindikiza mpaka gatini kwa qasida na maji ya waridi, mama akabaki mlangoni, kisha akapanda juu na kufunga dirisha lake.

Siku zile zilikuwa nzito. Mama alikuwa mwanamke wa maneno na vicheko, nami mdomo wangu nimeurithi kwake, lakini sasa alikuwa akizunguka kimya nyumba nzima. Watu walikuja kumpa kazi za mwaka ujao, akawaambia macho yanamuuma. Alifunga Jumatatu na Alhamisi. Mara nyingine, ananikanda mgongo, mikono inasimama, na mimi najua anafikiri nini: leo wamefika Jedda, leo amevaa shuka zake, na kiunoni amejifunga uongo wangu. Siku moja alilisema wazi. "Mtu mwenyewe anaosha mguu mpaka birika linakauka. Na mie nimemharibia kwa mishono minne mitano." Nilimwambia asinene hivyo, kosa ni langu niliyekuwa naita maji. Akanitazama kwa hasira. "Wewe ulikuwa mzazi kitandani. Usinichukulie dhambi yangu." Lakini sikukubali. Kila mtoto alipolia nilihisi mimi ndiye niliyempiga mama kumbo.

Nilipotoka arobaini nilijifunika buibui, nikamchukua mtoto, nikasema nakwenda kumuonyesha kwa mwalimu wangu wa chuo. Alikuwa mwanamke aliyetusomesha Kurani sote wa mtaa ule, mkali, hana subira na mjinga. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akamsomea mtoto, akamrudisha. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za jirani: mwanamume aliyehirimia, akawa amejifunga hamyani yenye mshono, Hija yake inakuwaje?

"Inakuwaje nini?"

"Si imekatazwa kushonwa?"

Akaweka ungo chini. "Kilichokatazwa ni nguo iliyoshonwa kwa umbo la mwili. Kanzu, shati, suruali. Hamyani ni nguo? Hamyani ni mfuko. Na avae yenye mishono mia. Ndara alizovaa miguuni zina mshono, mbona hizo hamzifumi?" Akachukua ungo wake tena. "Mtihani nyinyi! Mnaacha kuuliza, mnakaa na hofu."

Nilirudi mbio. Nakwambia nilipanda zile ngazi kama sikuzaa. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, nikamwambia yote kwa pumzi moja, hata lile la ndara. Nilitaka aruke. Nilitaka anikumbatie.

Mkono wake ukasimama juu ya mbuzi. "Kwa hivyo hakuna ubaya."

"Hakuna hata chembe! Baba salama, Hija yake nzima."

"Alhamdulillahi," alisema, na alisema kwa moyo, niliona mabega yanashuka. Nazi iliyokunwa ilikuwa imemganda kwenye vidole. "Na yule wa Chwaka?"

Sikumfahamu mara moja.

"Aliniuliza," alisema mama. "Alisimama pale akaniuliza: na ya kushona je? Fundi alikuwa tayari kumshonea siku ileile. Nikamwambia haifai." Akanitazama, na sijapata kuona uso wa mama vile, hata siku aliyokufa mama yake. "Angekwenda. Angeshonewa, akenda, akahiji, akarudi, akafa haji. Mimi ndiye niliyemrudisha."

"Mama, hukujua."

"Niliuliza?"

Mimi, mwenye mdomo wote huu, nilijiona mjinga nimesimama na mtoto mkononi na habari zangu njema. Nilikwenda kumtoa kosa moja nikamrudia na jingine kubwa zaidi, na hili halina wa kumwomba radhi, mwenyewe yuko kaburini Chwaka.

"Bora ungeniachia lile la kwanza," alisema mama, akaendelea kukuna nazi.

Baba akarudi. Nyumba ikajaa watu, tende, maji ya zamzam vikombe vidogo vidogo, na wanawake ngazi nzima wanapiga vigelegele. Mama alihudumia watu kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa kwenye sanduku la baba. Mchana, wageni walipopungua, tukabaki watatu chumbani na mtoto amelala. Baba akafungua sanduku, akaitoa hamyani, imefuliwa, imekunjwa vizuri, akampa.

Mama aliingiza kidole kwenye mdomo wake, moja kwa moja mahali pale. Nikaona amekunja uso. Akaigeuza ndani nje. Mishono haikuwapo. Uzi wa sindano ulikuwa umetolewa wote, na zile nyuzi zilizokatwa na wembe zilikuwa zimefungwa fundo mojamoja, mafundo madogo magumu, kazi ya mtu aliyezoea kushika vitu vidogo.

"Nliigundua siku ya kwanza, melini," alisema baba taratibu. Bila shaka. Mtu anayetikisa kufuli mara tatu angekosa kuupapasa mkanda wake?

"Ukafanyaje?" mama aliuliza.

"Nikamuuliza sheikh tuliyekuwa naye. Akanicheka. Akasema hata ingeshonwa yote kwa cherahani, hakuna neno."

"Sasa mbona umeufumua?"

Baba aliona haya kidogo. Alikuwa mtu wa haya, kwa mke wake zaidi kuliko kwa mtu yeyote. "Uliniambia haijui sindano. Sikutaka niende nayo Makka huku neno lako limekuwa uongo. Nikakaa nikautoa uzi, nikafunga mafundo. Mpaka tunafika nshamaliza. Sasa kweli haijui."

Yule mtu wa wasiwasi! Aliambiwa hakuna shaka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na shaka, na bado akakaa kwenye sitaha anafumua uzi, kwa ajili ya mkewe. Mimi machozi yalinitoka. Nikadhani na mama analia kwa hilo.

"Bwana," alisema mama, "uongo haukuwa huo." Akamsimulia habari za mtu wa Chwaka, tangu alivyosimama ukumbini na kofia mkononi. Alisimulia yote, hata lile la kwamba hakunyanyua macho. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba Mungu ni msamehevu, ingawa najua lilimjia mdomoni. Aliuliza tu, "Ana watoto?"

"Nasikia yupo kijana wake. Kazi ileile ya chokaa."

Mama akavuta kikapu chake. Akapekua chini kabisa, akatoa ule uzi mweusi niliokuwa nikifundishiwa, umejaa vumbi. Akatoa sindano. Akajaribu kuutunga kwenye mwanga wa dirisha, akashindwa, akanipa. Nikautunga. Safari hii alinitazama.

Akayafungua mafundo ya baba moja baada ya moja, mbele ya macho yake, na baba akamuachia. Kisha akalishona lile tundu kwa uzi mweusi, mishono mikubwa kama ya mtoto, upande wa nje, mahali ambapo hata kipofu angeigusa akaijua.

Tulikwenda Chwaka na gari la shamba, mimi na yeye na mtoto mgongoni. Kijana alikuwa kwenye tanuri, akaja kwetu anajikung'uta vumbi, vidole vyeupe kama vya baba yake. Alipojua mama ni nani uso wake ulifunguka. "Karibu, Bi! Mzee alikuwa akikutaja mpaka mwisho. Akisema, nikipona nnakwenda kwa bibi wa Mjini, amenieka wa mwanzo."

Mama akaitoa hamyani chini ya buibui akaiweka kwenye mikono ya yule kijana.

"Hii ni yako. Utakapojaaliwa kwenda, uivae. Ukishahiji mwenyewe, ukajaaliwa tena, mhijie na mzee, uivae hiihii."

Kijana akaipokea kwa mikono miwili, akaipapasa, dole gumba lake likafika kwenye ule uzi mweusi. Alikuwa mtoto wa baba yake, desturi anaijua. Akauliza kwa heshima, kama mtu anayeogopa kumfedhehesha mtu mzima, "Hii haijui sindano, Bi?"

"Inaijua," alisema mama. "Na inafaa. Na ya baba yako ingefaa vilevile, siku ileile aliyoniuliza. Mimi ndiye niliyemwambia haifai."

Kijana alisimama ameinamia ule mshono mweusi. Mtoto wangu alianza kunung'unika mgongoni, nami sikuthubutu hata kumbembeleza. Kisha yule kijana akaikunja hamyani polepole, akaitia kifuani mwake, akasema jua kali, tuingie ndani, mkewe ameshapakua wali. Mama akaingia, akakaa juu ya mkeka pamoja nao, akanawa, akatia mkono katika sahani. Tonge alilolifinya alikaa nalo mkononi mpaka watu wote walipomaliza kula.